Karo Lisilojaa: Choo, Kisima na Jiwe la Visiwani

Assalaam alaykum. Masheha wetu, wajumbe wa kamati za maji za shehia, mafundi wa ujenzi, wazee na vijana mliotoka mbali asubuhi hii, karibuni. Tumepewa saa moja, na mada tuliyopangiwa haitoshi hata kwa siku nzima: maji salama ya kunywa na usafi wa mazingira duniani. Dunia tutaipita mbio. Tutakaa zaidi hapa chini ya miguu yetu, kwenye jiwe.

Ripoti ya pamoja ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF iliyotoka 2025 inahesabu watu bilioni 2.1 wasio na maji ya kunywa yenye uhakika wa usalama, na bilioni 3.4 wasio na choo ambacho uchafu wake unaishia pahala salama. Tazameni namba ya pili inavyoizidi ya kwanza. Wengi katika hao choo wanacho. Wanakifagia, wanakipaka chokaa, wanakifunga mlango. Kasoro yao inaanzia chini ya tundu, pale macho yasipofika. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji salama na usafi wa mazingira kuwa ni haki ya binadamu, kisha lengo la sita la maendeleo endelevu likaweka mwaka 2030 kuwa ukomo. Vyema. Lakini haki hiyo haijichimbii shimo wala haijipimii maji, na ndiyo maana tumewaita mafundi wakae mbele.

Visiwani kwetu, ukitaka kulisifia karo, yaani shimo linalopokea majitaka ya choo, unasema: "Hili tangu lijengwe halijajaa." Mwenye nyumba anafurahi, fundi anaitwa mtaa wa pili. Sisi tukisikia sifa hiyo huuliza: basi yanakwenda wapi? Chukueni nyumba ya watu sita, wanaokoga, wanaostanji, wanaomwaga maji ya choo. Kwa makisio ya lita 50 kwa mtu, ni lita 300 kwa siku, zaidi ya lita 100,000 kwa mwaka. Shimo la mita mbili kwa mbili kwa mbili linachukua lita 8,000. Kwa hesabu hiyo lingejaa kabla mwezi haujamalizika. Likikaa miaka kumi halijaonyesha dalili, jueni lina mlango wa nyuma.

Mlango huo mafundi mnaujua kuliko sisi. Mnachimba maweni, mtaimbo unagonga jiwe, unagonga, mikono inauma. Halafu pigo moja mtaimbo unapita wenyewe, na ukiinama unasikia ubaridi ukitoka kwenye ufa. Hapo kazi husimama, watu wakashukuru, maana "jiwe limefunguka". Ufa ule ndio unaoendelea chini kwa chini hadi kwenye maji anayoteka jirani.

Upande wa mashariki na kusini wa Unguja, Matemwe, Paje, Jambiani mpaka Makunduchi, na kwa Pemba khasa pande za Micheweni, ardhi ni matumbawe ya kale yaliyogeuka jiwe. Udongo juu yake ni wa kukwangua. Kwenye udongo mzito wa mashamba ya mikarafuu, majitaka hupita polepole, vijidudu hunaswa, vingine hufa njiani. Kwenye ufa wa jiwe hakuna kinachochuja. Maji hukimbia kama ndani ya bomba, na katika mawe ya aina hii duniani yamepimwa yakienda mamia ya mita kwa siku. Mwongozo unaotumika sana katika kazi hizi unataka choo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji, na chini ya shimo ibaki mita 1.5 kabla ya kufika maji ya ardhini. Hiyo mita 30 kila mtu ameihifadhi. Maneno yanayoifuata hayahifadhiwi: penye mwamba wenye nyufa na mawe ya chokaa, umbali uongezwe. Kwa mwendo tulioutaja, mita 30 ni safari ya saa chache.

Msidhani ni dhiki ya masikini. Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton huko Kanada, mvua kubwa iliingiza uchafu wa mifugo katika kisima kifupi kilichochimbwa penye mwamba wenye nyufa. Watu saba walifariki, zaidi ya 2,300 waliugua. Klorini ilikuwapo lakini haikutosha, na waliokuwa na kazi ya kupima walikuwa wakijaza daftarini vipimo ambavyo hawakuvifanya. London, 1854, kipindupindu cha mtaa wa Broad kilifuatiliwa hadi kwenye pampu moja. Walipofukua walikuta karo la nyumba ya jirani, lililojengwa kwa matofali yaliyooza, chini ya mita moja kutoka ukuta wa kisima. Na hapa Unguja kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua maelfu. Sayyid Barghash, aliyekalia kiti mwaka huo wa 1870, baadaye alileta mjini kwa mabomba maji ya chemchem za kaskazini, watu wakapumzika na visima vya mjini vilivyochanganyika na vyoo. Dawa yake ilikuwa kuyafuata maji mbali na vyoo. Leo vyoo vimeyafuata maji, nyumba zimezisogelea chemchem, na hakuna pa kusogea tena.

Maji yetu matamu hayana bakuli la jiwe linaloyashika. Yanaelea juu ya maji ya bahari yaliyoingia ndani ya mwamba, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni yake ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari ina takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuzeni hesabu hiyo muone hatari yake: pampu ikishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 tu na ikaendelea hivyo, maji chumvi ya chini yanaweza kupanda mita nne kuifuata. Kisima hakikauki. Kinatoa maji kama kawaida, ila chai inabadilika ladha. Mtu akaona dawa ni kununua pampu kubwa zaidi, na hapo ndipo anapokimaliza. Mota ndogo inayofanya kazi polepole kwa muda wa saa nane ina salama kuliko kubwa inayojaza tangi kwa saa moja. Hili linawahusu pia wenye nyumba za wageni pwani: bustani, bwawa la kuogelea na ndoo ya Bibi wa jirani vinateka kutoka tabaka moja.

Wavuvi mtatusaidia hapa. Kwenye jiwe la pwani, kisima kinapanda na kushuka pamoja na bahari. Wakati wa bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari yetu hupishana karibu mita nne kati ya kujaa na kupwa, na maji ndani ya mwamba huitika. Karo lililochimbwa kavu siku za maji mafu, bahari inapopishana kidogo tu, likija bamvua huingiwa na maji kutoka chini; yakishuka, huondoka na kilichokuwamo. Kwa hiyo fundi anayeamua kina cha shimo aje siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, na atazame kisima cha karibu kabla ya kushika mtaimbo. Akija siku nyingine atajidanganya.

Basi tujenge nini? Kwanza, vyoo vikavu vya kwenye vitabu vya nchi za mbali, vya kumwagia jivu, havifai nyumba ya watu wanaotumia maji kila waendapo msalani, isipokuwa maji yatengwe. Tusipoteze saa. Kinachofaa penye maweni ni karo lililozibwa pande zote, chini pia, lenye vyumba viwili. Kwa nyumba yetu ya watu sita: urefu wa ndani mita 2, upana sentimita 90, kina cha maji mita 1.2, na juu yake sentimita 30 za hewa. Hiyo ni lita 2,160. Majitaka ya siku mbili ni lita 600. Masimbi, yaani uchafu mzito unaotuama chini, kwa lita 40 za kila mtu kwa mwaka, ni 720 kwa miaka mitatu. Iliyobaki ni nafasi ya povu na ya wageni wa sikukuu. Chumba cha kwanza kiwe theluthi mbili ya urefu, cha pili theluthi moja, na ukuta wa kati utobolewe katikati ya kina, pasipo na povu la juu wala masimbi ya chini. Bomba la inchi nne kutoka choo lishuke sentimita 2.5 kwa kila mita. Mdomo wa kuingilia uwe juu ya ule wa kutokea kwa sentimita 5 hadi 7, na kote kuwili ufungwe kiungo chenye umbo la herufi T. Mguu wa kile cha kutokea uzame kama sentimita 40 ndani ya maji. Kiungo hicho ni cha bei ndogo na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Kikikosekana, povu linatoka lote na kuziba kila kitu mbele.

Ufa ukitokea wakati wa kuchimba, msishukuru. Ujazwe mawe na zege, kisha sakafu ya zege ya sentimita 15, saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne, yenye wavu wa chuma. Mchanga wa ufukweni usiguswe, chumvi yake hula chuma na zege likapasuka kabla ya miaka mingi. Kuta zipigwe lipu mara mbili kwa saruji moja na mchanga mitatu, na pembe zote ziviringishwe, maana pembe kali ndiyo inayoanza kuvuja. Kisha kazi haipokelewi mpaka ijaribiwe. Mnalijaza maji hadi mdomo wa kutokea, mnaliacha siku nzima matofali yanywe, mnaongeza, mnapiga mstari wa mkaa ukutani, mnarudi kesho yake saa ile ile. Maji yakiwa kwenye mstari, fundi alipwe. Yakiwa yameshuka, arudie lipu. Tungependa kila sheha aliweke hili kuwa ni sharti kabla ya mfuniko kuwekwa, kwa sababu baada ya mfuniko sote tunabaki kuapa tu.

Jiwe likiwa gumu mno, nyanyueni choo badala ya kuchimba: karo nusu ardhini, choo ngazi tatu au nne juu. Wekeni na mshikio wa bomba ukutani. Ngazi nne ni mlima kwa mzee mwenye magoti mabovu, na choo asichoweza kukipanda atakiacha.

Sasa kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Maji yanayotoka chumba cha pili yanaonekana meupe kidogo, hayana vipande, na mtu husema yamesafika. Hayajasafika. Vijidudu vimo tele. Yakielekezwa kwenye shimo la pili lisilo na chini, gharama yote ya karo imemwagwa ufani. Yapelekwe kwenye tuta: mchanga na udongo wa kuletwa, unene usiopungua sentimita 60 juu ya jiwe, bomba lenye matundu likilala ndani ya kokoto juu yake, na udongo wa kufunika. Pandeni migomba. Mboga za kuliwa mbichi, hapana. Ikiwa choo hakina urefu wa kutosha kupeleka maji kwenye tuta yenyewe, ndiyo sababu nyingine ya kukinyanyua. Maji ya kukogea yanaweza kwenda kwenye migomba yake peke yake ili karo lisizidiwe, na mafuta ya jikoni yasiingie karoni kabisa.

Karo la namna hii litajaa. Limejengwa lijae. Kila mwaka chovyeni mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe. Alama nyeusi ya masimbi ikifika theluthi ya kina cha maji, iteni gari la majitaka. Asiingie mtu ndani, hata kama simu imedondoka, hata kama ni dakika moja. Hewa ya karo huangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake.

Kwa wenzetu wa Pemba wenye mabonde na udongo wa mfinyanzi, taabu yenu ni kinyume: shimo halinywi, masika yakishika karo linafurika na uchafu unateremka hadi kisima cha bondeni. Kwenu choo kikae upande wa chini ya kisima, si juu yake, tuta la kupokea maji liwe refu kuliko la maweni, na mtaro uchimbwe juu ya choo kugeuza maji ya mvua.

Tuje kwenye kisima chenyewe. Kwa kisima cha kuchimba kwa mkono, mapete ya saruji yazibwe viungo mpaka mita tatu chini, ukuta wa juu usipungue sentimita 60, sakafu ya zege izunguke kwa mita 1.5 hadi 2 na mfereji mdogo wa kutoa maji yanayomwagika, mfuniko uwepo, na ndoo iwe moja ya kisima, ining'inie, isikae chini. Ndoo inayowekwa ardhini na kurudishwa ndani ni sawa na kukifua kisima kwa matope.

Mafuriko yakipita, au kikioshwa, kitiwe klorini hivi. Pimeni upana na kina cha maji. Kisima chenye kipenyo cha mita 1.2 na maji ya mita mbili kina kama lita 2,260, yaani mita za ujazo 2.26. Unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70 hutumika gramu 50 kwa kila mita ya ujazo, na mara mbili yake ikiwa kuta ziliingiwa na uchafu. Hapa ni gramu 113, au 226. Kila gramu 50 zikorogwe katika lita 10 za maji kwenye ndoo ya plastiki. Unga ndio unaotiwa katika maji, si maji juu ya unga. Acheni utulie, mimineni maji meupe ya juu na masimbi ya chokaa yabaki. Sugueni kuta, koroga kisima kwa ndoo, fungeni usiku kucha, saa 12 kwa uchache. Kesho yake teka na kumwaga mpaka kipimo kishuke chini ya miligramu 0.5 kwa lita. Unga uliokaa mwaka kwenye kopo lililofunguliwa, kwa joto na unyevu wa hapa, umepoteza nguvu nyingi, na ndiyo sababu kamati nyingine zimetia "dozi kamili" bila ya kupata matokeo.

Na kisima kilichounganishwa na karo la jirani, klorini hiyo itakihudumia siku moja au mbili. Likija bamvua yamerudi yale yale. Pia klorini haiondoi chumvi, wala naitreti, kemikali inayotoka vyooni, ambayo kikomo chake ni miligramu 50 kwa lita na ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo. Kuchemsha huua vijidudu, maji yakitokota kwa dakika moja yametosha. Lakini chumvi na naitreti huzidi, kwa kuwa maji yanapungua na vyenyewe vinabaki.

Nyumbani ni mafupi. Kidonge kilichoandikwa miligramu 67 ni cha lita 20 za maji meupe. Maji yakiwa na tope yachujwe kwa kitambaa na vitiwe viwili. Subirini nusu saa. Maji ya kunywa yawekwe kwenye dumu la mdomo mwembamba, au mtungi wenye mfuniko na kata ya mpini mrefu iliyotundikwa ukutani. Wenye mabati yavuneni: paa la mita za mraba 50, mvua ya milimita 20, ni lita 800 baada ya upotevu, lita 25 za mwanzo zimwagwe kwa kuwa zimeosha paa. Mabirika ya misikitini yalitufundisha hili zamani, tukaja kuyasahau tulipoletewa mfereji wa maji ya bomba.

Kwenye meza iliyo mlangoni kuna chupa ndogo zenye karatasi ya dawa ndani. Kila kamati ichukue tatu: moja ijazwe kisimani, moja kwenye mfereji, moja katika mtungi wa nyumba yoyote iliyo karibu. Jazeni mpaka mstari, msiguse mdomo wa chupa kwa kidole, zikae ndani ya kabati kwa siku mbili. Inayogeuka nyeusi imeonyesha dalili ya kinyesi. Andikeni tarehe, saa, na kama ilikuwa bamvua au maji mafu, kisha zirudisheni zote wiki ijayo, nyeusi na zisizo nyeusi, pamoja na daftari. Tutazipanga juu ya ramani ya shehia, karo kwa karo.